Mwani, Fedha na Vidonda vya Moto

Mwezi huu tuongee juu ya jambo ambalo mwanzoni litaonekana kuwa ni la wataalamu wa mbali, kumbe malighafi yake iko hapa hapa pwani kwetu. Mama mmoja anayelima mwani upande wa Mlingotini aliniuliza swali nilipokuwa nafunga bandeji mguu wa mtoto wake aliyemwagikiwa na chai. Alisema: "Nesi, ni kweli mwani wetu unatengenezewa dawa ya fedha ya kutibu vidonda vya moto? Mbona sisi tunauuza kwa kilo tu, na hiyo dawa hatuioni?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba jirani yake ameambiwa anunue chupa ya "maji ya fedha", anywe yeye na watoto, itakinga kila ugonjwa.

Maswali hayo ni mawili, na majibu yake hayafanani. Mwani kweli unaweza kutengeneza chembe ndogo mno za fedha, na chembe hizo zinaua vijidudu. Jambo hilo limethibitishwa katika maabara za nchi nyingi. Lakini kutoka maabara hadi kwenye kidonda cha mtoto ni safari ndefu, na hiyo chupa ya kunywa haimo kabisa katika safari hiyo. Naomba mnivumilie nieleze polepole.

Nikisema fedha hapa, sina maana ya noti na sarafu. Nina maana ya yale madini meupe yanayong'aa ambayo mabibi zetu wa pwani walivaa bangili na vikuku vyake.

UDOGO USIOONEKANA

Chukua rula ya mtoto wa shule utazame milimita moja. Igawe milimita hiyo mara 1,000,000. Kila kipande ni nanomita moja. Unywele wa kichwani mwako una unene wa nanomita kama 80,000, na bakteria wengi wana urefu wa nanomita 1,000 au zaidi. Chembe tunazozizungumzia zina upana wa nanomita 1 hadi 100, na huitwa chembe za nano. Hata darubini ya maabara ya hospitali ya wilaya haiwezi kukuonyesha chembe moja moja.

Kwa nini watu wahangaike na udogo wa namna hiyo? Fikiri kipande cha fedha cha sentimita moja kila upande, kama dadu ya kuchezea ludo. Nje yake pote, ukijumlisha nyuso sita, ni sentimita za mraba 6 tu. Sasa ukikata kipande kile kile kuwa vipande vya nanomita 10 kila upande, nyuso zote zikijumlishwa zinafika mita za mraba 600, eneo kubwa kuliko uwanja wa netiboli. Fedha ni ile ile, uzito ni ule ule. Lakini fedha inapambana na kijidudu kwa sehemu yake ya nje, si kwa ile iliyojificha ndani. Kwa hiyo fedha kidogo sana, ikisagika kiasi hicho, inafanya kazi kubwa.

Tena madini yakiwa madogo hivyo hubadilika hata rangi. Mwaka 1857 mwanasayansi Michael Faraday alionyesha jijini London kwamba dhahabu ikigawanywa katika chembe ndogo mno ndani ya maji, maji yanakuwa mekundu kama juisi ya rozela. Wewe pia umeshaiona dhahabu hiyo. Ulipompeleka mtoto zahanati akatobolewa kidole kupimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, ule mstari mwekundu uliojitokeza, katika vipimo vingi vya aina hiyo, ni chembe za nano za dhahabu zilizokusanyika mahali pamoja. Vipimo vingi vya mimba na vya virusi vya UKIMWI vinatumia njia hiyo hiyo. Watu wanaposema chembe za nano ni mambo ya karne ijayo, mimi huwaza ile ndoo ya takataka ya chumba chetu cha vipimo, jinsi inavyojaa dhahabu kila jioni.

FEDHA HOSPITALINI SI NGENI

Sisi wauguzi tulikuwa na fedha mikononi tangu zamani. Mwaka 1880, daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alianza kuwadondoshea watoto wachanga machoni maji ya nitreti ya fedha, yaani fedha iliyoyeyushwa kwa asidi ikawa chumvi. Watoto wengi wakati ule walipofuka kwa usaha wa kisonono walioupata wakati wa kuzaliwa, na upofu huo ulipungua mno. Siku hizi tunatumia mafuta ya tetrasaikilini badala yake, kwa sababu nitreti ilikuwa inawasha macho. Viko pia vijiti vyenye nitreti hiyo kwenye ncha, vya kuunguza kinyama kinachoota kwenye kitovu cha mtoto. Aliyewahi kuvishika bila glavu anajua: vidole hubaki na madoa meusi siku kadhaa.

Mwaka 1968 daktari Charles Fox wa Marekani alileta krimu ya silva salfadiazini, ile nyeupe inayopakwa kwenye vidonda vya moto. Imesaidia watu wengi sana. Hata hivyo uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwa vidonda vya juu juu inaweza kuchelewesha ngozi mpya kuota, na ndiyo maana mara nyingine daktari anachagua kitu kingine. Haifai kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, wala kwa mama aliyekaribia kujifungua, wala kwa anayedhuriwa na dawa za salfa. Basi usiazime kopo la jirani. Na krimu hiyo tunayotumia haitokani na mwani.

Fedha inauaje vijidudu? Chembe ya fedha ikiwa katika unyevunyevu hutoa ioni kidogo kidogo. Ioni hizo hung'ang'ania protini za kijidudu, hasa zile zenye salfa ndani yake, zikaharibu ngozi yake ya nje na kuvuruga kazi zake za ndani. Kwa kuwa zinashambulia sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kijidudu kinapata taabu kuzizoea, ingawa si muhali. Mwaka 1975 huko Boston, Marekani, iliripotiwa kwamba bakteria aina ya salmonela wasiosikia fedha waliingia katika wodi ya waliougua kwa moto na wagonjwa watatu wakafa. Nalitaja hilo kwa makusudi, maana nasikia watu wakisema vijidudu haviwezi kamwe kuishinda fedha.

MWANI UNAINGIAJE?

Mwani wanaolima akina mama wa Mlingotini na wa Zanzibar ni wa aina mbili zinazojulikana sokoni kwa majina ya spinosum na cottonii. Ukulima wa biashara ulianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kisha ukaenea bara. Cottonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, lakini maji ya bahari yamekuwa ya moto mno kwake na sehemu nyingi imekufa, hivyo wengi wamebaki na spinosum. Mwani huu unanunuliwa kwa ajili ya ute wake uitwao karajini, ambao unaweza kuwa umo hata katika dawa yako ya meno asubuhi ya leo.

Ute huo, pamoja na vitu vingine vilivyomo katika mwani, ndio unaofanya kazi. Huko maabara mwani huoshwa kwa maji baridi mara kadhaa, tena kwa bidii, maana chumvi ya bahari ikibaki itaikamata fedha na kuifanya unga mweupe usiofaa. Kisha hukaushwa, husagwa na kuchemshwa katika maji safi yaliyotoneshwa. Maji yale huchujwa, huchanganywa na nitreti ya fedha iliyozimuliwa sana, mara nyingi chini ya robo gramu katika lita nzima, na kuachwa. Baada ya muda, pengine dakika, pengine saa nyingi, maji yaliyokuwa karibu meupe yanageuka manjano, halafu kahawia kama chai ya rangi. Rangi hiyo ndiyo dalili kwamba chembe za fedha zimezaliwa.

Kilichotokea ni hiki. Katika nitreti, kila ioni ya fedha imepungukiwa na elektroni moja, kama abiria aliyepungukiwa na shilingi mia katika nauli yake, naye hawezi kuketi. Sukari ndefu za mwani, protini zake na vile vitu vikali vinavyoupa mwani wa kahawia ladha ya kukwaruza ulimi, hutoa elektroni iliyopungua. Ioni ikishapata, inakuwa fedha halisi, na fedha kwa fedha zinakusanyika. Zikiachwa hivyo zingeendelea kukusanyika mpaka ziwe tope na kuzama chini. Hapo ndipo ute wa mwani unafanya kazi yake ya pili. Mpishi wa chapati akishakata madonge huyanyunyizia unga mkavu yasishikane. Ute wa mwani huzifunika chembe za fedha namna hiyo, zikabaki ndogo na zimetengana.

Mfano unaojulikana ulitoka India. Mwaka 2007 watafiti wa huko walitangaza kwamba maji ya mwani wa kahawia uitwao Sargassum wightii yaligeuza karibu dhahabu yote waliyoitia kuwa chembe za nanomita 8 hadi 12 katika saa 12. Ndugu zake mwani huo wako kwetu pia: ni ule wenye vipovu vidogo kama shanga unaotupwa ufukoni na mawimbi, watoto wakavipasua kwa vidole. Mwaka 2016 watafiti wa Afrika Kusini walitengeneza chembe za fedha na za dhahabu kwa Sargassum wa pwani yao, na chembe za fedha zilizuia bakteria kukua. Cottonii yenyewe imejaribiwa. Hata spirulina, ule mwani mdogo wa maziwa ya magadi ambao heroe huula mpaka manyoya yao yanakuwa ya waridi, imefanya kazi hiyo.

Sasa wengine wanavutwa na habari hii wakaandika kwamba njia nyingine zote ni sumu na njia ya mwani peke yake ndiyo safi. Hapo wanazidisha. Ni kweli ziko njia zinazotumia kemikali kali. Lakini chembe za dhahabu hutengenezwa kiwandani, kwa njia iliyojulikana tangu mwaka 1951, kwa kutumia chumvi ya asidi ile ile iliyomo kwenye limau. Hiyo haina ubaya wowote. Faida ya mwani ni kwamba unatoa elektroni na unafunika chembe kwa pamoja, unapatikana bila kuchukua shamba la chakula, na hauhitaji maji baridi ya kumwagilia.

Je, kwa nini basi dawa haijafika dirishani kwetu? Mwani si kiwanda. Mwani wa kiangazi haufanani na wa masika, wa Mlingotini haufanani na wa Paje, na hata shina moja linabadilika kadiri linavyokua. Ukichemsha leo utapata chembe za nanomita 15, mwezi ujao utapata za 60, na chembe za ukubwa tofauti zina nguvu tofauti na madhara tofauti. Dawa ya mgonjwa haiwezi kuwa bahati nasibu. Tena fedha inayoua kijidudu inaweza kuua pia seli changa za ngozi zinazojaribu kufunga kidonda. Kuua bakteria kwenye kisahani cha kioo ni rahisi. Kuonyesha kwamba kidonda cha mtu kinapona vizuri na mapema zaidi ni kazi ya miaka, kwa wagonjwa wengi wanaofuatiliwa. Wengi wa watafiti wa mwani wako bado kwenye kisahani. Liko na jambo la mabaki: ioni za fedha ni sumu kali kwa viumbe wadogo wa majini, kwa hiyo kiwanda cha namna hiyo kikimwaga maji yake baharini kitaua kile kinachokilisha.

Wala tusidhani elimu ya nano ni ya nchi tajiri tu. Mtanzania, Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alitengeneza chujio la maji linaloshirikisha mchanga na vitu vya nano, akapata mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza.

ILE CHUPA YA MAJI YA FEDHA

Kunywa maji ya fedha hakujaonyeshwa kutibu ugonjwa wowote. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kwamba dawa hizo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kutibu. Mwili hauna kazi ya kuipa fedha. Ikinywewa muda mrefu hujikusanya chini ya ngozi, na jua likiipiga, ngozi hugeuka rangi ya kijivu na bluu, kuanzia usoni, kwenye fizi na kwenye kucha. Rangi hiyo haitoki, hata ukiacha kunywa. Tena fedha tumboni inaweza kuzuia dawa nyingine zisiingie mwilini vizuri, kwa mfano baadhi ya antibiotiki. Mgonjwa anayemeza dozi yake huku anakunywa maji ya fedha anaweza kuwa anaitupa dozi bila kujua.

Kuandika "ya asili" au "ya mwani" kwenye karatasi ya chupa hakubadili neno hata moja katika haya. Tazama kama imesajiliwa na TMDA. Kama haikusajiliwa, rudisha chupa, dai hela yako. Na msichanganye na sabuni ya mwani wanayotengeneza akina mama wa Zanzibar na sehemu nyingine za pwani. Hiyo ni sabuni ya kuogea, haina fedha, wala sina neno nayo. Isipokuwa isipakwe kwenye kidonda cha moto.

MTOTO AKIUNGUA LEO

Watoto wengi tunaopokea wameunguzwa na uji, chai, maji ya kuoga yaliyowekwa sakafuni, au mafuta ya kukaangia. Dawa ya kwanza ni maji ya kawaida, ya bomba au ya mtungi, yakimiminika juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Si dakika mbili, ni 20. Kama bomba halina maji, mtu mmoja amimine kwa kata taratibu huku mwingine akimshika mtoto. Yanasaidia hata kama saa moja au mbili zimepita, kwa hiyo usiache kwa kusema umechelewa. Barafu hapana, inaongeza kidonda. Kama ni mtoto mchanga, au sehemu kubwa ya mwili imeungua, mfunike kwingine apate joto, na akianza kutetemeka acha maji umwahishe hospitali.

Vua pete, shanga na bangili mapema kabla hajavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Usipasue malengelenge. Kisha funika kwa kitambaa safi, kanga iliyofuliwa inatosha, na uje. Dawa ya meno, unga wa ngano, yai, mafuta ya taa na manyoya ya sungura vyote tunalazimika kuvisugua na kuvitoa, na mtoto analia mara mbili. Vingine vinaleta vijidudu ambavyo hakuna fedha itakayoviondoa kwa urahisi.

Mlete haraka kama ana umri chini ya mwaka mmoja, kama ameungua usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo vya kukunja au sehemu za siri, kama ni umeme, au kama pameungua kuzidi kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole. Mlete pia kama pameungua pakawa peupe au peusi na hapaumi. Kutouma hapo maana yake ni kwamba moto umefika hadi kwenye neva. Njoo na kadi ya kliniki tuangalie chanjo ya pepopunda. Na kidonda ambacho hakijafunga baada ya wiki mbili kirudisheni hospitali hata kama mtoto anacheza vizuri, kwa sababu huenda akahitaji kupandikizwa ngozi kabla kiungo hakijakunjamana.